"Vile utaona anti": jinsi ya kupanga malipo ya kijana anayekufanyia vibarua

Kama unaishi Nairobi na uko na geti, kakipande ka nyasi ama kiosk kidogo, lazima utabishiwa. Zaidi ni Aprili na Agosti shule zikifungwa, na kuanzia Novemba huko ndio kabisa juu wale wa kidato cha nne wamemaliza KCSE na nyumbani hakuna cha kufanya. Unatoka nje unapata kijana amesimama na slasha amefunga kamba kwa bega, anakuuliza, "Anti, kuna kakazi?" Unamzungusha unamwonyesha kazi, unamuuliza atataka ngapi, anaangalia viatu anakuambia, "vile utaona."

Mimi naona shida yote iko kwa hayo maneno mawili. Si ati hana bei. Bei ako nayo kichwani, pengine hata ameihesabu tangu akiwa kwa njia, lakini anaogopa akitaja 600 utafunga geti, na pia amelelewa akijua mtoto hapangii mtu mzima bei. Basi anakuachia wewe uamue, na wewe bila ubaya wowote unaamua nusu ya kile ungelipa mwanaume wa miaka thelathini, halafu usiku unalala ukijua umemsaidia mtoto wa watu.

Nimefanya hivo, ndio maana naandika. Mvua ndefu ilikuwa imeisha tu na nilikuwa na ploti Ruai, futi 50 kwa 100, nyasi imefika kiunoni. Jamaa mmoja wa kufyeka aliniambia 1,500 nikaona ananibeba juu ya kuniona mama. Kijana wa jirani, 17, akakuja akaniambia vile utaona, akafyeka siku nzima na asubuhi ya kesho yake. Kumaliza nikampea soo nne, yaani 400, na chai. Kikombe alikuwa anashika na ncha za vidole, nikadhani chai ni moto sana, nikamwambia ngoja ipoe. Kumbe ni viganja. Malengelenge yalikuwa yamepasuka yote, mengine yamekauka na vumbi ndani, na alikuwa anazungusha kikombe pole pole akitafuta mahali atashika isimchome. Akamaliza chai, akasema asante anti, akakunja zile noti akaweka kwa soksi akaenda. Nilikuwa nimeokoa 1,100 na zilitoka kwa hiyo mikono.

Kwa hivo hii ndio njia mimi hufuata sai, na nimewapatia majirani kadhaa pia wanafuata.

Hatua ya kwanza, jua umri kabla ya kujua bei. Muulize ana miaka ngapi na anasoma wapi, bila kumtisha. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mtoto wa chini ya miaka 13 hafai kuajiriwa kabisa, wa 13 hadi 16 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, ile haitamuumiza na haitamtoa shule, na mpaka afike 18 bado sheria inamwita mtoto. Kufyeka, kuosha gari, kubeba shopingi, kupanga stoo, kumwagilia sukuma, hizo sawa kwa kijana wa umri wa kufaa. Lakini kupanda kuosha tangi juu ya ghorofa, kuzibua choo, kunyunyiza dawa ya wadudu, kubeba mawe ya mjengo ama kusukuma mkokoteni wa mitungi kando ya barabara ya Outering na magari yanapita hapo kwa bega, hiyo usianze hata kupiga hesabu, hakuna bei yake. Na akikuja Jumanne saa nne asubuhi shule zikiwa zimefunguliwa, muulize kwanza mbona hayuko darasani, mara nyingi utapata ni fii, na hapo mtu wa kuongea na yeye ni mamake.

Hatua ya pili, pima kazi mwenyewe. Hapa watu wengi huruka na ndio mahali kijana huumia. Ukisema "safisha kompaundi" wewe unaona kitu moja na yeye anaona ingine. Tembea na yeye mpaka mwisho wa ploti. Sema: kufyeka kutoka hapa hadi kwa ile mparachichi, kukusanya, kurundika kwa kona, basi, kuchoma hapana. Kama ni kufua sema ni ndoo ngapi na kama kuna blanketi, juu blanketi moja ikishika maji inamaliza mtu kuliko mashati kumi, halafu sema pia maji yatatoka wapi, kama ni kwa mfereji wa hapo nje ama ni ya kupandisha na mtungi hadi ghorofa ya nne. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, ngazi nne mara mitungi sita, hiyo peke yake ni kazi.

Kama hujui kazi inachukua muda gani, shika hiyo slasha wewe mwenyewe dakika kumi. Sikuchezei. Fyeka dakika kumi, angalia umefika wapi, zidisha. Na hapo kwa hiyo hesabu ongeza muda wa kunoa, wa kunywa maji na wa kukusanya, juu kukusanya nyasi kunakaribia kuchukua muda kama wa kufyeka.

Hatua ya tatu ni sakafu, yaani bei ya chini kabisa. Usibuni bei kutoka hewani, anza na ile ya serikali. Kwa amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024, kibarua wa kawaida ndani ya Nairobi, yaani mtu wa kufagia, wa kutunza bustani, mlinzi wa mchana, mfanyakazi wa nyumba, alikuwa hafai kulipwa chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na hapo bado hujaweka asilimia 15 ya posho ya nyumba. Ukigawanya kwa siku 26 unapata kama 620, ukiongeza hiyo 15 unafika kama 713. Lakini amri yenyewe iko na bei yake ya siku na bei yake ya saa, na ziko juu kuliko hiyo ya kugawanya, na ukifikiria ni haki, juu mtu umemwita masaa mawili ushamvunjia siku, hizo masaa zingine zimebaki hatapata mahali pa kuziuza.

So mimi nimejiwekea namba rahisi za kukumbuka: siku nzima haishuki 800, na kazi ya masaa machache ni 150 kwa saa. Kazi ndogo kabisa, ya kutoka na kuingia, hata kama ni dakika ishirini, silipi chini ya 150, maanake ameacha kitu akakuja. Kila mwaka Leba Dei, tarehe 1 Mei, skiza kama serikali imetangaza nyongeza, ikipanda na wewe panda.

Hatua ya nne, uliza bei ya mtu mzima hapo kwenu. Sakafu ni sakafu tu, mtaani kazi nyingi zinalipwa juu yake. Uliza watu wawili, mlinzi wa geti na mama mboga, hao wanajua bei ya kila kitu. Mtu wa mkono kwa mjengo anapata ngapi siku? Mama fua anachukua ngapi? Wa kufyeka anaitisha ngapi kwa ploti kama yako? Ukipata hiyo bei, hiyo ndio bei ya kazi, na kijana akiifanya ikaisha vile mtu mzima angeimaliza, apate hiyo hiyo.

Najua utasema nini, juu mimi pia nilisema. Ati anafanya pole pole. Sawa, basi mlipe kwa kazi, si kwa saa, na akichukua masaa sita badala ya manne ni masaa yake, wewe utapata ploti imefyekwa. Kitu hufai kufanya ni kumlipa kwa kazi halafu ukate tena juu ya kuchelewa, hapo umemkata mara mbili. Ati hana familia ya kulisha. Kwanza hujui, kuna nyumba nyingi hapa Nairobi unga wa jioni unatoka kwa kijana wa 17. Na pili yule jamaa wa 1,500 hukumuuliza ako na watoto wangapi ndio umlipe. Ati hana ujuzi. Kama kazi inahitaji ujuzi, kwa mfano kupaka rangi ama kupogoa miti ya matunda, na wewe ndio unamfundisha, basi hapo kuna sababu ya kweli ya kushuka kidogo, lakini usishuke chini ya sakafu na usidanganye mtu kwamba kuosha gari ni mafunzo.

Hatua ya tano ni vitu vya kuongeza. Fea kama ametoka mbali, na hesabu kwenda na kurudi, na ukumbuke mvua ikinyesha matatu ya 50 inakuwa soo. Kifaa kama ni chake, slasha ama panga inaisha, ongeza hata 50 ama 100. Kazi chafu, kazi ya miiba, kazi ya jua kali saa saba, ongeza. Fensi ya kayaba nayo ihesabiwe kando kabisa, kayaba inatoboa hadi gambuti. Glavu nunua wewe, na ni za kufanyia kazi, hazitoki kwa malipo yake.

Lanchi je? Mtu akikufanyia kazi kutoka asubuhi hadi jioni mpatie chakula, chapo madondo ama chenye nyumba imekula, lakini usikate. Nimeona mtu akisema "si umekula, basi nikupatie 300." Chakula ndio kimempa nguvu ya kumaliza kazi yako. Vilevile nguo za zamani na viatu. Ukitaka kumpea mpee, lakini baada ya kumlipa, na isiwe siku moja kama unaona atachanganyikiwa asijue nini ilikuwa malipo.

Hatua ya sita, sema bei kabla slasha iguse nyasi. Na akikuambia vile utaona, usikubali. Mimi na kijana mmoja mwaka jana tulienda hivi:

"Anti, vile utaona."

"Hapana. Mimi nimeona 800 na lanchi. Wewe unaona aje?"

Akanyamaza kidogo, akaangalia upande wa fensi. "Ni sawa. Lakini hapo kwa kayaba kuna miiba."

"Eh, ni kweli. Hapo tuweke ngapi?"

"Hata soo mbili."

"Basi ni 1,000 yote, na ukimaliza leo ama kesho ni sawa."

Unaona hiyo ya kayaba, hangewahi kuisema kama singemuuliza mara ya pili. Muulize mara mbili, na ukishamuuliza nyamaza, mpatie nafasi afikirie, usimjazie maneno. Akitaja kitu kikubwa kuliko vile ulikuwa umepanga, usimcheke wala kumwambia watoto wa siku hizi wanapenda pesa. Mwambie bajeti yako ni ngapi, mpunguze kazi ifike hapo, kwa mfano afyeke tu mbele, nyuma ibaki ya mwezi ujao. Kupunguza kazi ni haki kuliko kupunguza pesa kazi ikiwa ile ile.

Kama ako chini ya 18, mpigie mzazi ama umtumie meseji fupi kijana akiona. Kitu kama: "Mama, kijana atanifyekea leo saa mbili hadi saa kumi. Tumeelewana 1,000 na lanchi. Akitoka atakuwa nayo." Hiyo inasaidia watu watatu. Mzazi anajua ako wapi, kijana anajua bei haitabadilika jioni, na wewe hutakuja kusema sikusema hivo.

Hatua ya saba, kazi ikikua bei ikue. Adui hapa ni "unisaidie tu na hii." Amemaliza kufyeka, unamwambia unisaidie tu na hizo mawe uzisongeze, unisaidie tu kutoa hiyo kochi nje, na hawezi kukataa juu pesa bado iko kwa mfuko wako. Kila "unisaidie tu" ikipita dakika kumi na tano iwekee namba. "Hizo mawe nitakuongezea 150, uko sawa ama umechoka?" Na akisema amechoka aende nyumbani na pesa yake yote.

Hatua ya nane, lipa siku hiyo hiyo, na umpatie yeye. Kibarua wa siku kisheria analipwa siku ikiisha. Hakuna kitu huumiza kijana kama "kuja Ijumaa", halafu Ijumaa umeenda ushago. Kama huna pesa leo, usiite mtu leo. Chenji tafuta asubuhi. Ukilipa na M-Pesa weka ya kutolea, kutoa 800 ni 29, na kama hana kitambulisho na laini ni ya mamake, muulize kwanza kama anataka itumwe huko. Wengine watasema ndio, ni ya nyumbani, sawa. Wengine wako na mpango wa kulipa kitu ya shule na wangependa kuipeleka wenyewe nyumbani, na wamefanyia kazi. Hesabuni pamoja noti mbele yake, aone.

Kitu kikiharibika? Kijana alikata hosipaipu yangu na slasha juu ilikuwa imefichwa na nyasi. Hiyo ilikuwa yangu kuondoa kabla aanze. Sikumkata hata shilingi. Kama ni uzembe wa kweli ongea na yeye na mzazi, lakini kutwaa pesa yote ya siku kwa sababu ya kioo ama ndoo hapana. Na kazi ikiwa haijakaa vizuri, mwonyeshe mahali, arudie, mlipe. Akijikata, wewe ndio unampeleka zahanati na wewe ndio unalipa, ilikuwa kazi yako alikuwa anafanya.

Sasa kuna hii ingine ambayo ni ngumu, na hatuipendi kuizungumza kwa sababu iko ndani ya nyumba zetu. Mtoto wa ndugu. Amemaliza shule huko nyumbani, anangojea kuingia koleji, mnamwambia aje akae kwenu Nairobi "ajaribu bahati". Wiki mbili baadaye yeye ndio anaamka saa kumi na moja kutafuta maji mfereji ukikauka, anapeleka watoto kwa basi ya shule, halafu anafungua kiosk saa moja na kufunga saa tatu usiku. Ukiuliza analipwa ngapi, unaambiwa "si anakula na kulala hapa."

Njia yangu ni kugawanya kazi mara mbili. Kuna kazi ya nyumba ambayo kila mtu anafanya, hata watoto wako: kuosha vyombo, kupiga deki, kutandika. Hiyo hailipwi, ni kuishi pamoja, lakini angalia kama watoto wako pia wanafanya, kama ni yeye peke yake basi umeajiri mtu bila kumwambia. Halafu kuna kazi inayokuletea pesa ama ungelazimika kumlipa mtu mwingine akufanyie: kukaa kiosk, kuosha magari ya wateja, kulea mtoto mdogo siku nzima ndio wewe uende job. Hiyo ni ajira, na ukitaka kuthibitisha jiulize, akirudi nyumbani kesho nitaita nani na nitamlipa ngapi? Hiyo namba ndio yake. Kwa sheria kumpa mahali pa kulala kunaondoa ile asilimia 15 ya nyumba, mshahara wenyewe unabaki. Kaa naye chini, mwambie masaa ni haya, siku ya kupumzika ni hii, pesa ni hii, na kama huwezi kulipa ya siku nzima basi akae kiosk masaa yale unaweza kulipa, yanayobaki awe huru atafute vibarua vyake ama asome. Ambia na mzazi wake hiyo namba. Usiseme "nitamlipia koleji" kama hujaandika ni ngapi na lini, nimeona vijana wawili kwa ukoo wetu wakingojea hiyo koleji hadi wakazeeka kwa kaunta.

Ya mwisho ni kuhesabu siku. Weka daftari ama note kwa simu: tarehe, kazi, masaa, pesa. Kijana aliyekuja Jumamosi moja akirudi kila siku, kibarua kinabadilika. Sheria ile ile ya 2007 inasema siku za mfululizo zikifika jumla ya mwezi mmoja, ama kazi yenyewe ikiwa ni ya kuchukua miezi mitatu, huyo si kibarua wa siku tena, anahesabiwa kama mtu wa mwezi, na anastahili notisi, siku ya kupumzika kila wiki na hayo mengine ya mfanyakazi. Wengi humsimamisha siku ya ishirini na tano ndio asifike, halafu wanamwita tena wiki ijayo. Kama kazi ipo na anaifanya vizuri, mwandikie karatasi moja, jina, kazi, masaa, pesa, tarehe ya kulipwa, nyinyi wawili muweke sahihi, na kama hajafika 18 mzazi naye asome kabla kijana hajaweka yake.